Jinsi ya kuanzisha kijiwe cha vijana wanaotaka kubadilika

Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu wa aina ileile: mzazi aliyechoka, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa kwaya, mjumbe wa serikali ya mtaa. Maswali nayo ni yaleyale. Nianze na vijana wangapi? Niwape nauli? Wakija wamevuta nifanyeje? Nimeyajibu kwa mdomo miaka minane hapa Temeke, sasa nayaandika.

Ninachozungumzia ni kundi dogo la vijana walioingia kwenye unga (heroini), bangi, ukabaji au ugomvi wa mitaa, wanaokutana kila wiki kusaidiana kutoka. Wewe mkubwa upo, lakini kazi ya kumbadilisha kijana inafanywa na vijana wenzake. Ukigeuza kikao kiwe mahubiri au darasa, watakuitikia "ndiyo anti" na wakitoka hapo hamna kitu.

Kundi langu la kwanza lilinishinda. Nilikusanya vijana 14 wa maskani moja, nikawapa soda na nauli, nikawaachia wazungumze. Na kweli walizungumza. Kila Jumamosi mmoja alisimulia alivyopora simu daladalani, wenzake wakacheka mpaka machozi, na wiki inayofuata mwingine akaja na kisa kikubwa zaidi. Kundi lilipofika mwezi wake wa tatu, vijana watatu walikamatwa kwa tukio moja, na mmoja wao alikuwa hajawahi kuiba chochote kabla hajaja kwangu. Mama yake alinijia nyumbani akakaa kizingitini bila kusema neno. Sijaisahau ile siku.

Baadaye nikasoma kwamba jambo hili liliwahi kutokea kwingine. Mwaka 1939, jimbo la Massachusetts huko Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana walioonekana wako hatarini kuharibikiwa. Walikuwa 506. Nusu wakapewa walezi, masomo ya ziada na kambi za likizo, nusu wakaachwa walivyo. Miaka 30 na zaidi baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta, akakuta waliosaidiwa wana hali mbaya kuliko wenzao kwa mambo kadhaa, na walioathirika zaidi ni waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Inadhaniwa kule walikaa wavulana peke yao wakitambiana. Nadharia utakayohitaji ni hiyo tu: kijana hufanya kile ambacho wenzake wanakipigia makofi. Kazi yako ni kubadili kinachopigiwa makofi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Watu wawili wa kuongoza. Mmoja mtu mzima anayeheshimika mtaani, mwingine kijana aliyepitia hayohayo na akaacha, angalau mwaka mzima sasa. Kijana huyu ndiye nguzo. Usimtumie aliyetoka soba (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) mwezi uliopita. Utamrudisha kwenye moto akiwa bado hajapona.
- Barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na polisi kata. Baada ya matukio ya Panya Road, magenge ya vijana waporaji, mwaka 2022, vijana kumi wakikaa pamoja jioni Dar es Salaam wanatisha watu. Kaeni mchana, na wenye mtaa wajue mapema.
- Namba ya simu ya afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Mtembelee kabla hujamhitaji. Andika pia 116, simu ya bure ya mtoto, inafanya kazi Tanzania na Kenya pia.
- Kituo cha afya utakachopeleka mtu. Ujue kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, iko wapi. Muhimbili walianza mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Zanzibar nenda Kidongo Chekundu. Kwa ndugu zetu wa Kenya kuna Mathari, Malindi na Kisauni.
- Mahali. Pasiwe maskani yao, pasiwe kituo cha polisi, pasiwe sebuleni kwako. Darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi linafaa sana. Sogezeni madawati mkae duara.
- Ridhaa ya mzazi au mlezi kwa kila aliye chini ya miaka 18.
- Uji au chai na mihogo.
- Daftari lenye majina ya utani tu. Daftari likipotea, lisimfunge mtu.

Posho usiiweke kabisa kwenye orodha. Najua mazoea yetu ya semina. Ukilipa wiki ya kwanza, wiki ya pili wamekuja watu wa posho, na wiki fedha zikiisha umebaki na madawati. Anayetoka mbali sana mlipie daladala kimyakimya.

Hatua ya 1: Chagua kijana mmoja mmoja

Anza na saba hadi tisa. Chini ya sita, wawili wakikosa kikao kimekufa. Zaidi ya kumi, kuna watakaojificha nyuma ya wenzao.

Zungumza na kila mmoja peke yake, mkitembea au mkiwa mmekaa kwenye mkokoteni, siyo mezani na kalamu. Mimi huuliza maswali matatu: Nini kimekuchosha? Nani akikwambia kitu unamsikiliza? Kuna mtu yeyote anayekutegemea? Asiyechoka na chochote bado muda wake haujafika. Mwachie namba yako.

Changanya vijiwe. Wasitoke wote maskani moja, na usimchukue kiongozi wa genge pamoja na wafuasi wake, kwa sababu atakuja kuongoza na kwako pia. Watatu angalau wawe wameshaanza kutulia: wa bodaboda, wa gereji, aliyerudi shule. Hao ndio chachu. Kundi la waliozama peke yao ndilo kosa nililofanya mimi.

Wa miaka 14 wasikae na wa miaka 22. Mdogo anafundishwa ujanja, na mkubwa anapata wa kutuma. Wasichana wawe na kundi lao lenye mwanamke anayeliongoza, maana mengi yaliyowafikisha hapo wamefanyiwa na wanaume na hawatayasema mbele ya wavulana.

Hatua ya 2: Tungeni kanuni pamoja

Kanuni tano zinatosha, na maneno yawe yao. Kundi langu la sasa liliandika: "Kisu na bisibisi vinabaki nyumbani. Ukija umewaka, unarudi kikao kijacho. Hatupigani. Ya hapa ni ya hapa. Hatusifii uchafu." Hiyo ya mwisho ilitoka kwa kijana aliyekuwa mbishi kuliko wote.

Kwenye "ya hapa ni ya hapa" sema ukweli tangu siku ya kwanza: mambo matatu hutayaficha. Mtu akitaka kujiua, mtoto akiwa anaumizwa, au kukiwa na mpango wa kumdhuru mtu. Yarudie kila anapoingia mgeni. Kijana akijua mipaka ya siri mapema, hatakuona msaliti siku utakapopiga simu.

Hatua ya 3: Mkutano wa kwanza uwe mfupi

Dakika 40. Majina, kanuni, uji, basi. Usiulize historia ya mtu. Wanakupima, na wanapimana.

Hatua ya 4: Kila kikao kifuate njia ileile

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tumia saa moja na nusu, sehemu nne, usibadili mpangilio. Vijana hawa wanaishi bila ratiba yoyote; kikao chenye njia inayojulikana kinawatuliza.

Kwanza, mzunguko. Kila mmoja anasema wiki yake ilikuwaje na kitu kimoja kilichomsumbua. Dakika mbili kila mtu. Hakuna anayejibiwa.

Pili, kundi linaamua kikao cha leo ni cha nani. Usiamue wewe. Waache wabishane: "Leo tumpe huyu, yeye kesho kutwa ana kesi." Katika kubishana huko wanajifunza kuona shida ya mwenzao kuwa nzito kuliko yao.

Tatu, maswali, kisha ushauri. Wenzake wanauliza mpaka waelewe kabla hawajashauri. Kijana mmoja alisema ameuza jiko la gesi la mama yake. Ningekuwa naongoza kama zamani, ningemweleza thamani ya mama. Nilikaa kimya. Mwenzake, fundi baiskeli, akamuuliza:

"Siku ile mama alipika na nini?"

"Alikoka kuni uani."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

Akanyamaza. "Ilikuwa inanyesha."

"Wewe ulikula hicho chakula?"

Hakujibu. Aliinama akawa anachokoa kucha, na darasa zima likatulia hata ukasikia watoto wanaocheza nje. Baada ya muda akasema, "Nilikula. Aliniwekea mimi kwanza." Wiki hiyo wenzake walikubaliana aende na mmoja wao kwa mama, wakamwambie atarudisha kwa kuchota maji na kumsaidia biashara ya vitumbua alfajiri. Aliamka alfajiri hizo zote. Mimi kwa mdomo wangu nisingelifika pale.

Nne, muhtasari wa dakika tano. Hapa ndipo unazungumza wewe. Taja mtu aliyemsaidia mwenzake vizuri na useme alifanya nini hasa: "Lile swali la mvua lilitoka kwa mtu anayejali." Ndiyo makofi mapya niliyosema.

Hatua ya 5: Chunga kicheko

Sikiliza wanacheka wakati gani. Akianza mtu kusimulia tukio kwa kutamba, mabega yakapanda na wengine wakasogea mbele, una sekunde chache tu. Usimkemee, maana ukimkemea umempa ushujaa. Igeuze hadithi kwa swali: "Yule dada wa simu alifikaje nyumbani?" au "Wewe mwenyewe usiku ule ulilala?" Kisa kikikosa wasikilizaji kinakufa chenyewe. Wiki chache mbele utasikia wanaulizana wao kwa wao, nawe hujafungua mdomo.

Chunga zaidi dakika za kabla na baada ya kikao, pale nje wanapovaa viatu. Yule kijana wa kundi langu la kwanza ambaye hakuwahi kuiba aliharibikiwa njiani kurudi nyumbani. Ndani ya kikao alikuwa mtulivu kabisa. Siku hizi mwenzangu anawahi nusu saa, na baada ya kikao hutoka nao mpaka kituoni.

Hatua ya 6: Wape mtu wa kumsaidia

Kuanzia wiki ya nne wapeni kazi ya kumfaa mtu mwingine, mtu anayeonekana kwa macho. Kuzibua mtaro kabla ya masika. Kumchotea maji bibi asiye na wajukuu. Kufundisha watoto mpira. Kijana ambaye mtaa mzima unamwita mwizi, siku bibi atakapomwambia "asante baba, Mungu akuweke", anarudi kikaoni akiwa mtu mwingine. Nimeiona mara nyingi, na bado kila mara inanigusa.

Isiwe adhabu. Na tafadhali, msiwapige picha mkazirusha mitandaoni. Picha hiyo itamsubiri siku anaomba kazi.

Hatua ya 7: Wawekeni wawili wawili

Kila mmoja awe na mwenza wa kupigiana simu katikati ya wiki. Usiwaunganishe waliovuta pamoja zamani. Waandike saa zao za hatari: Ijumaa jioni, siku ya kulipwa, usiku wa kigodoro (ngoma ya kukesha) mtaani, msiba. Kwenye saa hizo mwenza anapiga simu yeye, hasubiri kupigiwa.

Hatua ya 8: Fika nyumbani

Nenda kwa mzazi ndani ya mwezi wa kwanza. Wengi wameumizwa na kuibiwa, wana haki ya hasira yao. Waombe kitu kimoja: wasimtangaze mtaani, na akifanya jema hata dogo waliseme. Mzazi anayetaka kumfunga kamba au kumpeleka akapigwe "apone", mwambie wazi kwamba hilo halitibu, na linaweza kuua.

Hatua ya 9: Fedha zije mwisho

Miezi sita kwanza. Kisha anzeni mchezo mdogo wa kuchangishana, shilingi 500 kwa wiki, waweka hazina wawili. Likisimama, liandikisheni kundi rasmi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vijana. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza masharti. Nimeona makundi mazuri mawili yakivunjika ndani ya wiki moja kwa sababu mkopo ulikuja kabla ya kuaminiana.

Hatari za afya ambazo kundi haliwezi kuzibeba

Kundi halitibu arosto, yaani maumivu ya mwili unapokosa unga. Anayetumia unga kila siku apelekwe kliniki, na kazi ya kundi iwe kumsindikiza kwenye dirisha la dawa kila asubuhi. Usimwambie anayemeza methadoni kwamba "bado anatumia". Ni dawa, na maneno hayo yamewafanya wengi waache kliniki.

Mlevi wa pombe kali wa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa. Hospitali kwanza.

Aliyekaa bila unga kwa muda, akirudia kiasi alichozoea zamani, mwili hauwezi tena. Akiwa haamki, anapumua polepole na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa, atapaliwa.

Mambo yakikwama

*Wamepungua hadi watatu.* Kaeni hao watatu, saa ileile. Usiahirishe. Wakisikia kikao kilifanyika, wanarudi; wakisikia kiliahirishwa, wanajua mambo yamekwisha.

*Amekuja amevuta.* Mwenza wake amtoe nje kwa upole, apate uji, asindikizwe. Hakosi kikao kijacho.

*Amerudia.* Hafukuzwi. Kikao kijacho kiwe chake akikubali, na swali liwe "ilianzia saa ngapi, ulikuwa na nani?" Kurudia kuna njia yake, na kundi likiijua linaweza kuiziba.

*Wanamwandama mmoja.* Hili nalihofia kuliko kurudia. Kundi likipata nguvu linaweza kugeuka mahakama. Ukiona maswali yanauma kwa makusudi, simamisha kikao papo hapo: "Tunamsaidia au tunampiga?" Likijirudia, zungumza na anayechochea peke yake. Usiruhusu kamwe kundi litoe adhabu.

*Siri imevuja.* Aliyevujisha aseme mwenyewe kikaoni, na aliyeumizwa ndiye aeleze anataka nini kifanyike. Ukipuuza mara moja, hakuna atakayesema la maana tena.

*Kijana mmoja anatawala.* Mpe kazi inayomnyamazisha: awe mtunza saa, au apokee wageni. Nguvu aliyonayo ni ya kweli, itafutie mahali pa kwenda.

*Amesema hataki kuishi.* Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake hata dakika, ondoeni sumu, vidonge na kamba alipo, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali na mtu anayempenda.

*Amekamatwa.* Aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuchanganywa na wakubwa. Mpigie afisa ustawi wa jamii saa hiyohiyo, utaje Sheria ya Mtoto ya 2009. Kama ni mkubwa na yuko mahabusu, vijana wawili wampelekee sabuni na salamu, kila mwezi, kwa zamu. Kisha tafuteni tarehe ya kutoka. Siku anatoka gereza la Keko au Segerea ndiyo siku ya hatari kuliko zote: ana hamu, mwili umesahau unga, na wa kijiwe cha zamani nao wanaijua hiyo tarehe. Wawili wenu wawe getini tangu asubuhi, wana nauli yake na chakula, na pa kulala usiku huo pawe pameshapatikana.